Kabla ya kuomba gari la wagonjwa, tujue mama alichelewa wapi

Ukiitisha mkutano wa kijiji popote hapa Katavi na kuuliza wananchi wanakosa nini katika afya, majibu huja haraka. Gari la wagonjwa. Mashine ya kupimia mimba. Jengo la wodi. Wauguzi waongezwe. Mtendaji anaandika, mwenyekiti anafunga kikao, watu wanarudi mashambani.

Hatusemi majibu hayo ni ya uongo. Vitu hivyo vinakosekana kweli katika vijiji vingi. Lakini tukiyatazama vizuri tutaona kwamba yote ni majina ya vitu. Hakuna aliyesema nani aliumia, usiku gani, alikwama wapi, na ni kitu gani kingemwokoa. Makala haya yanahusu tofauti hiyo. Katika kazi ya kubuni huduma mpya za afya, kosa linalogharimu kuliko yote ni kuleta jibu kabla ya kulielewa swali, na wa kwanza kulipa gharama hiyo ni mgonjwa.

Tuchukue mfano. Mama ana mimba ya tatu, anaishi kitongoji kilicho mbali na zahanati. Ni mwezi wa pili, mvua inanyesha. Saa nne usiku uchungu unaanza, na kabla ya mapambazuko damu inaanza kumtoka. Mumewe yuko kwenye shamba la mbali. Mama mkwe anasema tusubiri kidogo, hata mimba ya pili ilikuwa hivi. Wanapoamua kwenda, bodaboda anayefahamika simu yake imezimwa. Wa pili anataka hela kwanza. Wanafika zahanati alfajiri, na muuguzi anasema huyu anatakiwa hospitali, anahitaji kuongezewa damu.

Sasa jiulize, msikilizaji: kama kijiji hicho kingekuwa na gari la wagonjwa limeegeshwa makao makuu ya kata, lingemsaidia mama huyu? Huenda lingemsaidia. Lakini nani angelipigia simu? Dereva angekuwa macho? Mafuta yangekuwemo? Na zile saa zilizopotea nyumbani, gari lingezirudisha vipi?

Mkoa uliokua kwa kasi

Katavi ni mkoa mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuumega mkoa wa Rukwa, na una wilaya tatu za Mpanda, Mlele na Tanganyika. Sensa ya mwaka huo wa 2012 ilihesabu watu 564,604 katika eneo hili. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 1,152,958. Yaani ndani ya miaka kumi tumekuwa zaidi ya mara mbili. Familia za wakulima na wafugaji zimehamia, vitongoji vipya vimeota mahali palipokuwa pori, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wanahama kufuata mashimo.

Zahanati haihami. Inajengwa mahali pamoja, kwa mpango ulioandikwa miaka kadhaa nyuma, watu walipokuwa wachache. Ndiyo maana ramani ya vituo na ramani ya wagonjwa haziwezi kulingana zenyewe. Aliyeko Karema kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika yuko zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda mjini. Aliyeko milimani Mwese ana shida ya barabara tofauti na ya aliyeko Majimoto. Aliyeko Katumba au Mishamo, makazi yaliyoanza kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi tangu mwaka 1972, huenda nyumbani anazungumza Kirundi. Mfugaji wa Mpimbwe huenda mama yake mzazi anaelewa Kisukuma tu. Dawa ni ileile, lakini kinachomzuia kila mmoja kuifikia si kimoja.

Kwa hiyo mtu akisema "Katavi inahitaji" halafu akataja kifaa kimoja, mwulize: Katavi ipi?

Ucheleweshaji wa aina tatu

Wakunga na madaktari wana njia moja ya zamani ya kuchambua kifo cha mama mjamzito. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba akina mama wengi wanaokufa kwa uzazi hupoteza muda mahali patatu.

Kwanza ni nyumbani: kuchelewa kutambua dalili ya hatari na kuamua kwenda. Pili ni njiani: kuchelewa kufika, kwa sababu ya umbali, barabara, usafiri au nauli. Tatu ni kituoni: mtu amefika, lakini huduma inachelewa kwa sababu hakuna damu, hakuna dawa, hakuna mtaalamu, au aliyepo hana uzoefu wa kutosha.

Mrudie mama wa mfano wetu. Alichelewa mara zote tatu. Ukimpa gari, umegusa ucheleweshaji wa pili tu, tena si wote. Ukimpa mama mkwe elimu ya dalili za hatari, umegusa wa kwanza. Ukiweka damu salama karibu, umegusa wa tatu. Kila ucheleweshaji una dawa yake, na dawa ya mmoja haitibu mwingine.

Nchi yetu imepiga hatua kubwa katika jambo hili. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa 2022 ulikadiria 104. Wanaojifungulia kituoni waliongezeka kutoka 63 hadi 81 katika kila 100. Ni maendeleo ya kujivunia. Lakini wanaobaki ndio walio mbali zaidi, wenye kipato kidogo zaidi, wasiosikika kwenye mikutano. Kuwafikia hao kunataka tuwajue kwanza.

Walichokiona Sengerema

Mfano wa kwanza wa kuanza na hitaji unatoka kanda ya Ziwa Victoria. Katika wilaya ya Sengerema na halmashauri ya Buchosa, mkoani Mwanza, kuna vijiji vya mbali na kuna visiwa. Huko ndiko mpango unaoitwa m-mama ulikojaribiwa, kwa ushirikiano wa serikali, Vodafone Foundation na Touch Foundation, kabla ya kupelekwa Shinyanga.

Jibu la haraka lingekuwa kununua magari ya wagonjwa kwa kila kata. Lakini gari la wagonjwa ni ghali kununua, ghali zaidi kulitunza, na siku nyingi linakaa bila mgonjwa. Wakati huohuo, vijijini tayari kuna watu wenye magari: mwenye teksi, mwenye gari la mizigo, mfanyabiashara. Magari yapo, na usiku yamelala.

Kilichokosekana ni vitu viwili vidogo. Kwanza, mtu mmoja wa kupigiwa simu saa yoyote, anayejua gari gani liko karibu na kituo kipi kina huduma inayotakiwa. Pili, uhakika kwa dereva kwamba akiamka usiku wa manane atalipwa, bila kumsumbua mama asiye na hela mkononi.

Basi mpango ukajengwa juu ya vitu hivyo viwili. Mtu anapiga namba 115 bila kutozwa. Anayepokea anauliza maswali ya kujua hali ya mgonjwa, anaamua anatakiwa kituo cha ngazi gani, anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Kama halipo, anampigia dereva wa kijijini aliyesajiliwa na kufundishwa. Kituo kinachompokea kinajulishwa mapema. Mgonjwa akishafikishwa na kuthibitishwa, dereva analipwa kwa simu. Huduma ni kwa mjamzito, kwa mama aliyejifungua hadi siku 42, na kwa mtoto mchanga hadi siku 28. Mwezi Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua mpango huu kitaifa, na baadaye ukafika mikoa yote, Katavi ikiwemo.

Hapa simu haikuwa mpya. Magari hayakuwa mapya. Hata kulipana kwa simu tulikuwa tumekuzoea. Upya ulikuwa katika kugundua kwamba kinachokosekana ni kiungo kati ya vitu ambavyo tayari vipo. Ugunduzi huo haupatikani ukiwa ofisini. Unapatikana kwa kumfuata mgonjwa hatua kwa hatua, tangu mkekani hadi kitandani.

Walichokisikia Haydom

Mfano wa pili unagusa ucheleweshaji wa tatu, ule wa kituoni. Mtoto anazaliwa, halii, hapumui. Mkunga ana muda mfupi sana wa kumsaidia kwa mfuko wa kupulizia hewa.

Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu mkoani Manyara, tangu mwaka 2009 walifanya jambo ambalo linaonekana dogo. Waliweka watu wa kutazama na kuandika kila uzazi: mtoto katoka dakika gani, kasaidiwa kupumua sekunde ya ngapi, nini kilifuata. Kutokana na kumbukumbu hizo, waligundua kwamba kwa mtoto asiyepumua, kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kupulizia hewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au ya kulazwa muda mrefu.

Ukiambiwa hivyo, hitaji linaonekana wazi: wakunga wafundishwe. Wakafundishwa, mafunzo ya siku moja, kwa kutumia mwanasesere wa kufanyia mazoezi. Baada ya mafunzo, wakunga waliweza vizuri kabisa kwa mwanasesere. Lakini watazamaji waliporudi chumba cha kujifungulia, waliona kwamba kwa watoto halisi mambo hayakubadilika.

Wengi wangeishia hapo, waseme wakunga ni wazembe. Haydom waliuliza tena. Mtoto asiyepumua haji kila siku. Mkono uliofundishwa mwezi wa kwanza, ukikutana na mtoto huyo mwezi wa nne saa tisa usiku, umeshasahau. Kumbe hitaji halikuwa mafunzo. Hitaji lilikuwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale kazini, dakika chache tu, mwanasesere akiwa karibu. Walipofanya hivyo, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua.

Kutoka kazi hiyo ya Haydom kilitoka pia kifaa kinachoitwa Moyo, cha kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, ambacho mama anaweza kufungwa mwilini wakati wa uchungu. Mpango mzima, wenye mazoezi na vifaa, ukapelekwa vituo 30 vya huduma za afya katika mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya siku ya kwanza vilipungua kwa karibu asilimia 40. Katavi haikuwamo katika mikoa hiyo mitano, lakini somo la kuangalia kwanza halihitaji mradi. Linahitaji daftari na mtu mwenye subira.

Mashine iliyolala stoo

Kinyume cha hadithi hizo mbili kinajulikana kwa wengi wetu. Mashine inafika na sherehe, inapigwa picha, miezi michache baadaye imefunikwa shuka stoo. Umeme unakatika na kuiunguza. Kipuri chake hakipatikani nchini. Aliyefundishwa kuitumia amehamishwa. Maelekezo yameandikwa kwa lugha ambayo zamu ya usiku haiisomi.

Si jambo la Tanzania peke yake. Mwaka 2011 Lora Perry na Robert Malkin walichapisha uchunguzi wa vifaa vya hospitali katika nchi 16 zenye kipato kidogo, na kukuta karibu vifaa 40 katika kila 100 havifanyi kazi. Sababu kubwa zilikuwa ukosefu wa mafunzo, ukosefu wa usimamizi wa vifaa, na miundombinu kama umeme. Kifaa kilifika, lakini yaliyokizunguka hayakufika.

Kuna wakati uhaba wenyewe hulazimisha watu kulitafuta hitaji lenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika hospitali ya uzazi jijini Bogotá, Kolombia, watoto njiti walikuwa wengi kuliko mashine za kuwatunzia joto. Daktari Edgar Rey Sanabria, na baadaye mwenzake Héctor Martínez, hawakung'ang'ania mashine. Waliangalia mtoto njiti anahitaji nini: joto, maziwa ya mama, ulinzi dhidi ya maambukizi. Mama mwenyewe ana joto. Wakaanza kumweka mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo leo inaitwa kangaruu, na inatumika duniani kote, pamoja na hapa Tanzania.

Hii haina maana kwamba mashine hazihitajiki. Mtoto mwenye hali mbaya sana bado anazihitaji. Maana yake ni kwamba wengi walisema "tunakosa mashine" wakati kilichokosekana ni joto, na joto lilikuwepo chumbani.

Namna ya kulitaja hitaji

Wanaofundisha ubunifu wa vifaa tiba wana kanuni rahisi ambayo hata mkutano wa kitongoji unaweza kuitumia. Hitaji liandikwe kwa sentensi moja yenye sehemu tatu: shida yenyewe, watu wanaopata shida hiyo, na mabadiliko tunayotaka kuyaona. Jina la kifaa lisitajwe kabisa. Ukishataja kifaa, umefunga milango mingine yote.

Linganisha sentensi hizi mbili.

Ya kwanza: "Kijiji chetu kinahitaji gari la wagonjwa."

Ya pili: "Wajawazito wa vitongoji vya ng'ambo ya mto wanakosa njia ya kufika zahanati usiku wakati wa masika, tunataka wafike ndani ya saa mbili tangu uchungu kuanza."

Sentensi ya kwanza ina jibu moja, na jibu hilo likikosa bajeti, mazungumzo yamekwisha. Ya pili ina majibu mengi. Inaweza kuwa kivuko cha miguu kilichoimarishwa. Inaweza kuwa dereva wa upande ule wa mto asajiliwe kwenye m-mama. Inaweza kuwa nyumba ya kusubiria karibu na zahanati, mama ahamie wiki mbili kabla ya tarehe yake. Inaweza kuwa yote matatu, kidogo kidogo. Na mwisho wa mwaka kijiji kinaweza kujipima: je, wanafika ndani ya saa mbili?

Kabla ya kuandika sentensi hiyo, kuna maswali ambayo tunapendekeza yaulizwe. Katika mwaka uliopita, ni nani hasa walipatwa na shida hii? Ni mara ngapi? Kila mmoja alikwama wapi: nyumbani, njiani au kituoni? Wakati huo watu walifanya nini kujisaidia? Swali hili la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kama watu wamebuni machela ya miti na shuka, au wana mfuko wa kuchangishana nauli, hapo ndipo hitaji lilipo, na hapo ndipo wazo jipya linaweza kushikizwa.

Na tuhesabu. Neno "wengi" halimshawishi mpanga bajeti. "Wanawake sita walijifungulia nyumbani kati ya Januari na Aprili, na wanne kati yao wanatoka kitongoji kimoja" linamshawishi. Huu ni mfano tu, lakini hesabu ya namna hiyo mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuifanya kwa daftari. Mwanzoni mwa 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa aina hiyo zaidi ya 137,000 nchi nzima katika miaka mitano. Kama kijiji chenu kina mmoja, msimwachie kazi ya kugawa ujumbe tu. Mwombeni awasomee mkutanoni alichokiona akipita nyumba kwa nyumba.

Ambaye hajaulizwa

Tumesema watu waulizwe. Lakini nani anaulizwa? Kwenye mkutano wa kijiji wanaokaa mbele ni wazee na wanaume. Mwenye shida mara nyingi hayupo. Yuko shambani, yuko jikoni, au anaona aibu.

Tazama takwimu moja ya mkoa wetu. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta kwamba Katavi iliongoza nchi nzima kwa mimba za utotoni: wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba. Wastani wa taifa ulikuwa 27. Mwaka 2022 Katavi ilishuka hadi 34, na wastani wa taifa ukawa 22. Tumepungua, lakini bado ni karibu msichana mmoja katika kila watatu.

Msichana wa miaka 16 mwenye mimba yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba, na mwili wake huenda haujakomaa kwa kujifungua. Lakini ukiuliza mkutano "tunahitaji nini zahanati," yeye hatanyoosha mkono. Huenda hitaji lake ni kuhudhuria kliniki saa ambayo hatakutana na mwalimu wake au shangazi yake. Huenda ni muuguzi asiyemfokea. Huenda ni njia ya kuzuia mimba hiyo mapema kabla haijaingia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mashine, na hakuna kitakachojulikana kama hajaulizwa faraghani na mtu anayemwamini.

Ndivyo ilivyo pia kwa mama asiyejua Kiswahili vizuri, kwa mlemavu asiyeweza kupanda kitanda kirefu cha kujifungulia, kwa familia inayohamia kambi ya shamba msimu wa kilimo na kurudi baada ya mavuno. Mfumo unawahesabu mahali walipoandikishwa, lakini wanaugua mahali walipo.

Tulipeleke wapi

Hitaji lililoandikwa vizuri likibaki mfukoni halisaidii mtu. Kuna njia tatu ambazo tayari zipo.

Ya kwanza ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unapaswa kufanyika angalau kila miezi mitatu. Mapendekezo yake hupanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha halmashauri kupitia diwani. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti hupangwa miezi mingi kabla. Kijiji kinachopeleka hoja mwezi wa sita kimechelewa. Ziandaeni kabla mwaka haujaisha.

Ya pili ni kamati ya usimamizi ya zahanati au kituo cha afya. Kila kituo cha serikali kinatakiwa kuwa nayo, na ina wajumbe wanaotoka katika jamii. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati hii ina sauti katika mpango wa matumizi. Je, unawajua wajumbe wa kamati yako? Kama huwajui, swali la kwanza la mkutano ujao ni hilo.

Ya tatu ni mganga mfawidhi na wauguzi wenyewe. Wao pia wana mahitaji ambayo hayaulizwi. Muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku anajua kitu ambacho mbunifu wa Dar es Salaam hawezi kukibuni. Mtu akija kijijini na kifaa kipya cha majaribio, mkaribisheni, ila mwulizeni: ulikaa usiku mmoja katika zahanati hii kabla ya kukitengeneza? Kikiharibika, nani anakitengeneza? Ukiondoka, nani anabaki nacho?

Hitaji ambalo bado liko wazi

Tumalizie pale tulipoanza. Namba 115 imeondoa sehemu kubwa ya ucheleweshaji wa njiani, lakini simu haiamui badala ya familia. Damu nyingi, degedege, maumivu makali ya kichwa na kuona giza, homa kali, maji kutoka kabla ya wakati, mtoto kuacha kucheza tumboni: mjamzito akiwa na mojawapo ya hizi, hakuna kusubiri asubuhi. Piga 115. Mama mkwe, baba mwenye nyumba, jirani, yeyote aliye karibu na simu anaweza kupiga.

Na kama kitongoji chenu hakishiki mtandao, au hakuna dereva aliyesajiliwa upande wenu, basi hilo ndilo hitaji la kwanza la kuandika. Andikeni ni kitongoji gani, kaya ngapi, mtu hutembea kwa muda gani hadi mahali simu inaposhika, na mwaka jana nani alikwama hapo. Sentensi moja, bila jina la kifaa. Pelekeni kwenye mkutano ujao wa kijiji, na mwambieni mtendaji aiandike kwenye muhtasari kama mlivyoisema.